Maradhi ya Bakteria kwa Kasuku wa Kufugwa na Matumizi ya Chakula Chenye Dawa

(Maelezo kamili ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakazi wa Mbeya na Iringa. Yanachapishwa hapa kwa manufaa pia ya watumishi na wakazi wa Visiwani wanaofuga ndege au wanaopokea ndege kutoka Bara.)



Nazungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa wengi huonekana dogo. Kasuku mmoja ndani ya tundu si ng'ombe wala si mbuzi. Hauzwi mnadani, hakamuliwi, na akifa hakuna kaya inayolala na njaa kwa ajili yake. Hata hivyo kasuku mgonjwa anaweza kumwambukiza mtu maradhi ya mapafu, na dawa anayopewa ovyo inaweza kuharibu nguvu ya dawa ile ile ambayo kesho itahitajika kwa mtoto. Kwa sababu hizo mbili, jambo hili linatuhusu sote: mwenye ndege, jirani yake, mganga wa zahanati na ofisa mifugo wa kata.

Ndege tunaowazungumzia

Nyanda za Juu Kusini zina kasuku wa asili. Kasuku mdogo mwenye kichwa cheusi na ukosi wa njano hapatikani kwa asili popote duniani isipokuwa katika Tanzania, na makazi yake yanaanzia pande za Ziwa Manyara kushuka hadi nyanda za Iringa. Katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha yupo pia kasuku wa Meyer, mwenye rangi ya kahawia na kijani. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, yule anayesifika kwa kuiga maneno, hana asili ya huku. Nyumbani kwake ni misitu ya Kongo na ya Afrika Magharibi, na akionekana Mbeya au Iringa basi ameletwa.

Ndege hawa walipata kuwa bidhaa kubwa. Katika miaka ya 1980 kasuku mdogo wa Fischer, ambaye asili yake ni upande wa kusini wa Ziwa Victoria, alikuwa miongoni mwa kasuku wa porini waliouzwa kwa wingi zaidi duniani. Marekani ilitunga sheria ya kubana uingizaji wa ndege wa porini mwaka 1992, na Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa muda mwaka 2005, kisha kwa kudumu mwaka 2007. Tanzania nayo mwaka 2016 ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Mwaka huo huo, katika mkutano wa Johannesburg, kasuku wa kijivu aliwekwa katika daraja la juu kabisa la ulinzi wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Nimeyataja haya kwa sababu biashara na maradhi vimeandamana tangu mwanzo. Ndege akikamatwa, akafungiwa na wenzake wengi katika boksi moja, akasafirishwa usiku kucha katika baridi bila maji ya kutosha, maradhi yaliyokuwa yamelala ndani yake huamka.

Maradhi yenyewe

Bakteria wanaowashambulia kasuku ni wa aina nyingi. Wako wanaoharibu matumbo, kama vile salmonela na ekolai. Wako wanaoshambulia njia ya hewa. Lakini aliye mashuhuri kuliko wote ni yule aitwaye Chlamydia psittaci, anayeleta maradhi tutakayoyaita hapa homa ya kasuku.

Ndege mwenye homa ya kasuku hujikunyata na kutimua manyoya. Hula kidogo au huacha kula, hukonda mpaka mfupa wa kifua ukajitokeza kama ukingo wa kisu, macho na pua hutoa majimaji, na kinyesi chake huwa na rangi ya kijani au ya njano iliyokoza. Wengine hufa ghafla. Wengine, na hawa ndio wa kuogopwa zaidi, hawaonyeshi dalili yoyote. Hula, huimba na kucheza, huku wakitoa vijidudu katika kinyesi na katika makamasi. Kinyesi hicho kikikauka hugeuka vumbi, na vumbi hilo likipeperushwa na ufagio au na mabawa huvutwa puani na mtu aliye karibu.

Ndivyo ilivyotokea mwaka 1929 na 1930, wakati kasuku waliotoka Amerika ya Kusini walipouzwa katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Mamia ya watu waliugua na wengi wakafa. Januari 1930 Rais Hoover wa Marekani alitoa amri ya kuzuia kasuku kuingia nchini humo. Hata wataalamu wa maabara ya serikali mjini Washington waliokuwa wakiuchunguza ugonjwa huo waliambukizwa. Wakati huo dawa ya kuutibu haikuwapo.

Dawa ilivyopatikana

Mwaka 1948 ilitangazwa dawa mpya iitwayo klorotetrasaiklini, ya kwanza katika ukoo wa tetrasaiklini. Katika miaka ya 1950 mtaalamu Karl Meyer na wenzake huko California walionyesha kwamba dawa hiyo ikitiwa katika mtama mdogo uliokobolewa, ndege wa tunduni huila pamoja na chakula na maambukizi hudhibitiwa. Huo ndio mwanzo wa chakula chenye dawa kwa kasuku. Baadaye ikaja ndugu yake, doksisaiklini, ambayo leo hupendelewa zaidi kwa kuwa hunyonywa vizuri mwilini na haizuiwi sana na chakula.

Njia hii ina faida iliyo wazi. Kasuku akishikwa kila siku ili atiliwe dawa mdomoni huhangaika, huuma, na akiwa dhaifu anaweza kufia mkononi. Pale penye ndege ishirini kazi hiyo haiwezekani kwa muda mrefu. Chakula chenye dawa huwafikia wote kwa utulivu. Lakini njia hii inayo masharti, na asiyeyafuata anapoteza fedha, dawa na ndege.

Masharti ya chakula chenye dawa

Sharti la kwanza ni kujua unachotibu. Tetrasaiklini hutibu homa ya kasuku. Haitibu kila kuhara wala kila mafua. Minyoo, ukungu na virusi huleta dalili zinazofanana, na havisikii dawa hii. Hivyo basi, kabla ya kununua dawa, mwone daktari wa mifugo. Ndege akifa, mzoga usitupwe jalalani wala usipewe mbwa. Ulowanishwe kwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu, ufungwe katika mifuko miwili ya plastiki, uwekwe mahali pa baridi na upelekwe kwa mtaalamu. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo Iringa kinachohudumia Nyanda za Juu Kusini, na ofisa mifugo wa wilaya ndiye mlango wa kukifikia.

Sharti la pili ni chakula chenyewe. Kasuku hubangua mbegu kwa mdomo, hula kiini na kutupa ganda. Mtu akinyunyizia unga wa dawa juu ya alizeti au mtama wenye maganda, dawa yote huanguka sakafuni pamoja na makapi, na ndege habakiwi na kitu. Kwa sababu hiyo mbegu ziwe zimekobolewa, zipakwe mafuta kidogo ya alizeti ili unga wa dawa ushike, kisha zichanganywe vizuri. Kwa kasuku wakubwa ufaao zaidi ni uji mzito au mseto uliopikwa kwa mahindi, mchele na maharage. Katika hili wakazi wa mikoa hii wamebahatika: mchele uko Kyela na Mbarali, na mahindi na maharage yako karibu kila shamba. Mseto upikwe, uachwe upoe kabisa, ndipo dawa itiwe na kukorogwa. Dawa isipikwe pamoja na chakula.

Sharti la tatu ni kuondoa chokaa. Dawa za ukoo wa tetrasaiklini hushikana na madini ya kalsiamu, chuma na zinki, na zikishikana nayo hazinyonywi na matumbo. Mfugaji mwenye nia njema humwekea ndege wake ganda la yai lililosagwa, au mfupa wa ngisi ulioletwa kutoka pwani, au unga wa dagaa. Wakati wa tiba vyote hivyo viondolewe. Aidha, chakula cha kuku wa mayai kisitumike kamwe kuchanganyia dawa hii, kwa sababu kimetiwa kalsiamu nyingi, kiasi cha asilimia 3.5 hadi 4, ilhali chakula cha tiba kinatakiwa kisizidi asilimia 0.7. Vyombo navyo viwe vya kioo, udongo uliopakwa rangi ya kung'aa, au plastiki. Vyombo vya mabati viepukwe.

Sharti la nne ni kipimo. Kwa ndege wadogo wanaokula mbegu zilizokobolewa, kiwango kinachojulikana katika vitabu vya tiba ni miligramu 300 za doksisaiklini kwa kila kilo ya chakula. Kwa kasuku wakubwa wanaotumia klorotetrasaiklini kiwango ni asilimia 1, yaani gramu 10 katika kilo moja. Tofauti hiyo ni kubwa, na inaonyesha kwa nini kipimo cha dawa moja hakiwezi kuhamishiwa dawa nyingine, wala cha ndege mmoja kwa ndege mwingine. Kipimo kiandikwe na daktari wa mifugo, na dawa ipimwe kwa mizani. Kijiko cha chai hakipimi miligramu. Chakula kichanganywe kila siku na kilichosalia kitupwe, maana mwanga na unyevunyevu huiharibu dawa.

Sharti la tano ni muda. Siku zinazotakiwa ni 45 mfululizo. Vijidudu vya homa ya kasuku hujificha ndani ya chembe za mwili, na dawa huvizuia vinapozaana tu. Vile vilivyotulia huisubiri iishe. Siku ya saba au ya kumi ndege huanza kuimba tena, na hapo ndipo watu wengi huacha dawa. Ndege huyo hajapona. Amenyamazishiwa ugonjwa, na baada ya wiki chache atakuwa chanzo cha maambukizi nyumbani bila mtu kumshuku.

Sharti la sita ni uangalizi. Chakula chenye dawa ni kichungu, na ndege wengine hukikataa. Hivyo azoeshwe kwanza chakula kile kile bila dawa kwa siku chache, na chakula kingine chote kiondolewe wakati wa tiba ili asichague. Apimwe uzito mara kwa mara. Ndege mdogo asiyekula kwa siku mbili anaweza kufa kwa njaa kabla ugonjwa haujamuua. Ndege aliyekwisha dhoofika na kuacha kula hawezi kutibiwa kwa chakula hata kidogo. Huyo anahitaji sindano au dawa ya mdomoni kutoka kwa mtaalamu. Kadhalika dawa ikitumika muda mrefu huweza kufungua njia kwa ukungu wa mdomo na matumbo. Utando mweupe mdomoni ni dalili ya kuripoti mara moja.

Baridi na moshi

Mbeya na Iringa ni miji ya baridi, hasa Juni na Julai. Ndege mgonjwa hutumia nguvu zake zote kujipasha moto, na dawa pekee haimwokoi akiachwa barazani usiku. Awekwe mahali penye joto, lipatalo nyuzi 29 hivi, pasipo upepo. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa na kuegemezwa kando ya tundu inatosha katika nyumba nyingi. Jiko la mkaa lisitumike kwa kazi hii. Mapafu ya ndege ni dhaifu mno mbele ya moshi na hewa ya mkaa, na hewa hiyo hiyo huua watu waliolala katika chumba kilichofungwa.

Afya ya wanaadamu

Nalisema sasa lile lililo kubwa kuliko yote. Mtu aliyeambukizwa homa ya kasuku huanza kuugua baada ya siku 5 hadi 14 hivi. Hupata homa, baridi ya mwili, maumivu makali ya kichwa, maumivu ya misuli na kikohozi kikavu. Asipotibiwa huweza kupata nimonia kali. Katika mikoa yetu mtu akishikwa na homa ya namna hiyo, wazo la kwanza ni malaria, na la pili ni homa ya matumbo. Atapimwa, atatibiwa malaria, naye ataendelea kuugua. Dawa ya kumponya ipo katika maduka yetu ya dawa na si ya gharama kubwa, lakini hataipata mpaka mganga ajue nini cha kutibu.

Kwa hiyo nawaomba wafugaji: mkienda zahanati au hospitali mna homa au kikohozi, semeni bila kuulizwa kwamba nyumbani kuna ndege, na kama kuna ndege aliyeugua au aliyekufa semeni hivyo. Nawaomba pia waganga na wauguzi waulize. Swali hilo moja halina gharama.

Wakati wa kusafisha tundu, kinyesi kilowanishwe kwanza kwa maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja ya dawa kwa sehemu 32 za maji, ndipo kifutwe. Kisifagiliwe kikavu. Ndege aondolewe kwanza, na anayesafisha afunike pua na mdomo, avae glavu, kisha anawe kwa sabuni. Watoto, wazee, wagonjwa na wajawazito wasipewe kazi hiyo. Ndege mgeni atengwe chumba chake kwa siku 30 angalau kabla ya kuchanganywa na wenzake.

Kuku wasiachwe waokote chakula kilichomwagika chini ya tundu la ndege anayetibiwa. Dawa hiyo hubaki katika mayai na nyama, na familia itaila bila kujua.

Dawa zisizotumika ovyo

Katika maduka ya pembejeo hupatikana oksitetrasaiklini ya kuku, ya kutia katika maji. Wako wanaoinunua na kuwapa kasuku kwa kukisia. Njia ya maji ina udhaifu wake: ndege mgonjwa hunywa kidogo, maji yakiwa na ladha asiyoipenda hunywa kidogo zaidi, na kiasi kinachofika mwilini hakitoshi. Dawa isiyotosha haiui bakteria wote. Huua walio dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu, na bakteria sugu wa matumbo hawabagui kati ya ndege, kuku na mtoto. Viuavijasumu ni mali ya umma, kama maji ya bomba. Anayevitumia vibaya nyumbani kwake anampunguzia jirani.

Sheria na ukweli

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kukamata au kumiliki ndege wa porini bila kibali. Baadhi ya watu, kwa kuogopa swali la kibali, humficha ndege mgonjwa na kumtibu gizani. Hofu hiyo ina hasara mbili. Ndege hufa, na nyumba nzima hubaki na vumbi la maradhi. Ushauri wangu ni kwamba asiye na kibali afike ofisi ya wanyamapori ya wilaya kueleza na kupata maelekezo, na asimwachilie ndege mgonjwa porini kwa haraka ya kujitoa lawamani. Kasuku mmoja aliyeambukizwa mjini akiachiliwa karibu na Ruaha anaweza kupeleka maradhi kwa ndege wasiopatikana penginepo duniani.

Kwa watumishi wenzangu nina neno moja. Mwananchi akileta ndege mgonjwa ofisini, asichekwe wala asiambiwe kwamba ofisi ina kazi kubwa zaidi. Ofisa mifugo amsikilize, amwandikie, na amjulishe mganga wa karibu pakiwa na mtu anayeugua katika nyumba hiyo. Wanaosimamia stendi za mabasi na bandari wakiona ndege hai ndani ya boksi wasiyamalize mambo pale pale, bali waulize kibali na cheti cha afya cha mifugo. Safari moja ya basi kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, na ya boti kutoka huko hadi Visiwani, inatosha kuyahamisha maradhi kutoka mlimani hadi mjini kabla dalili ya kwanza haijaonekana.

Kwa kumalizia, naomba haya yakumbukwe. Ugonjwa uthibitishwe kabla ya dawa. Mbegu zikobolewe au chakula kipikwe. Chokaa iondolewe. Kipimo kitoke kwa daktari. Siku 45 zitimizwe zote. Na kila mwenye homa aliye na ndege nyumbani amweleze mganga. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa ndege hawa, kinga iliyo bora kuliko zote ni kumwacha wa porini abaki porini, na kumtunza kwa haki yule ambaye tayari yumo mikononi mwetu.